Ulichora Ukiwa Umesimama Wapi? Kisa cha Banda la Mkonge Tanga

Kuhusu kisa hiki

Haya yalitokea Tanga mjini, kwenye maonesho ya biashara yaliyofanyika msimu wa kusi, miaka michache iliyopita. Majina ya mteja na fundi nimeyaondoa, mwaka sikuutaja, na mambo mawili matatu yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyapindua kidogo. Vipimo sijavigusa, maana kosa lenyewe limejificha humo. Mchoraji ni mimi. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kutafuta wa kumlaumu.

Kazi yangu ni michoro ya wazo: ile picha inayochorwa kwa mkono kabla msumari wa kwanza haujagongwa, ili mteja aone banda, jukwaa au ukumbi wake utakavyokuwa. Si ramani. Ramani humwambia fundi akate wapi. Mchoro wa wazo humwonyesha mteja atajisikiaje akifika. Vitu hivi viwili vikichanganywa hutokea yaliyotutokea sisi.

Mteja na eneo lake

Mteja alikuwa umoja wa wakulima wadogo wa mkonge. Wanauza singa, yaani nyuzi za mkonge, na baadhi yao, hasa kina mama, husokota kamba na kusuka vikapu na mazulia. Walikuwa wamelipia eneo la mita 6 kwa 3 ndani ya hema kubwa, upande wa mita 6 ukitazama njia ya wageni. Bajeti nzima ilikuwa shilingi milioni 5, humo humo mbao, taa, usafiri, fundi na mimi. Ujira wangu ulikuwa 400,000. Fundi alikuwa seremala mzoefu wa mtaa wa Ngamiani, mtu wa makabati na milango, ambaye banda la maonesho hakuwahi kujenga.

Maamuzi yalikuwa ya kamati ya watu tisa, chini ya mwenyekiti, mzee aliyefanya kazi ya korona, mtambo wa kutoa singa kwenye majani ya mkonge, tangu ujana wake na ambaye hadi leo akishika singa huzivuta karibu na pua kabla ya kusema neno.

Mwaka uliotangulia walikuwa wameletewa picha ya kompyuta, inang'aa kama tangazo la sabuni. Wakaitazama, wakaisifu, wakasaini. Siku ya kujenga ndipo minong'ono ikaanza: meza iko juu mno, mizani haina pa kukaa. Nilimuuliza mama mmoja wa kamati kwa nini hawakusema mapema. Akanijibu, "Binti yangu, chakula kishaivishwa na kupakuliwa, utaanzaje kusema ungependa nazi iongezwe?"

Jibu hilo ndilo lililonipa kazi. Walitaka kitu ambacho bado kinaweza kuongezwa nazi.

Jinsi wazo lilivyopatikana

Kikao cha kwanza kilifanyika barazani kwa mwenyekiti. Sikuja na picha kubwa. Nilikuja na vichoro 12, kila kimoja ukubwa wa karata, vya penseli tupu, nikavitandaza mkekani. Watu walianza kuvihamisha kwa vidole. Vitano vilitupwa kando ndani ya dakika tatu. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote alichukua penseli mkononi mwangu, akachora mraba kwenye kona ya kichoro cha nane na kusema, "Mizani hapa. Mnunuzi akiingia aione mizani kwanza, ajue hatumwibii." Kimsitari chake kilikuwa kimepinda lakini hakuna aliyecheka, na mizani ikakaa hapo hapo mpaka mwisho.

Nikauliza: kama mgeni atakumbuka jambo moja tu, liwe lipi? Mwenyekiti ndiye aliyeleta namba. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyonusurika mpaka Tanga ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo, Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa mkonge. Watu wa mkonge wanaijua namba hiyo kama wanavyojua idadi ya watoto wao. "Sitini na mbili," alisema mzee, "zingekufa na hizo, leo tungekuwa tunalima nini hapa?"

Basi tukaamua: vifungu 62 vya singa, kila kimoja urefu wa mita moja hivi, vining'inie kutoka juu kama mvua nyeupe, mgeni apite katikati yake kuzifikia bidhaa zilizopangwa kwenye rafu ukutani. Mbele, nguzo mbili za mlingoti wa mkonge, ule mti mrefu unaochomoza mmea ukikaribia kufa, ambao watu wa huku hujengea tangu zamani kwa kuwa ni mwepesi na umenyooka. Wazo hili bado nalipenda.

Mchoro mkubwa

Nilichora kwenye karatasi ya A2, penseli kwanza kisha rangi za maji. Nieleze kwa undani, kwa sababu hapa ndipo mambo yalipoharibikia, na yaliharibika wakati ninafuata kanuni niliyofundishwa.

Picha ya mtazamo huanza na swali la jicho: liko juu kiasi gani na liko umbali gani. Juu niliweka mita 1.6, kimo cha jicho la mtu aliyesimama. Mstari wa upeo, yaani ule wa usawa wa jicho, ukapita hapo, na mtu yeyote wa kimo hicho niliyemchora, awe karibu au mbali, utosi wake uligusa mstari huo. Kuhusu umbali, kanuni ni kwamba kitu unachokichora kikae ndani ya pembe ya nyuzi 60 hivi kutoka kwenye jicho. Ukizidisha, vitu vya pembeni huanza kuvutika na kulala kama vinavyoonekana kwenye kioo cha gari. Banda lilikuwa na upana wa mita 6. Nikajisogeza nyuma mita 6, pembe ikawa kama nyuzi 53, picha ikatulia vizuri kabisa.

Mbele, kwenye mstari wa kuingilia, nilichora mwanamke wa mita 1.6 amevaa kanga, ameinua mkono kugusa singa. Nyuma yake vifungu vyote 62 vinahesabika. Nyuma kabisa, rafu ya kimo cha mita 1.2 imejaa vikapu. Niliacha weupe wa karatasi uwe ndio mwanga unaopita kwenye singa, rangi kidogo ya kahawia chini, basi. Watu niliowatia walikuwa watano, wembamba wote, hakuna mwenye mtoto mgongoni wala mfuko mkononi.

Nilipouweka mchoro mbele ya kamati, mwenyekiti aliutazama kwa muda mrefu, halafu akasema, "Hapa tumefika." Wakasaini palepale.

Niliomba 150,000 za ziada nichore ramani: sura ya juu, sura ya mbele, mkato mmoja, vipimo vyote. Mweka hazina, kwa upole kabisa, akauliza, "Si yote yamo humu, dada?" akionyesha mchoro. Nilipaswa kusema hapana, hayamo. Lakini nilikuwa nimelewa sifa. Nikaandika pembeni vipimo vitatu, upana 6, kina 3, kimo 2.8, fundi akapewa nakala ya fotokopi, na kesho yake nikapanda basi kwenda Korogwe kwenye kazi ya ukumbi wa harusi.

Siku moja kabla ya ufunguzi

Nilirudi alasiri. Banda lilikuwa limesimama, kazi safi, maungio yamebana. Fundi yule hana utani na randa.

Jambo la kwanza kuniingia machoni lilikuwa rafu. Ilikuwa chini mno. Vikapu vilikaa usawa wa nyonga. Nikachukua futi nikapima: sentimita 80. "Fundi, hii ilikuwa mita moja na ishirini." Akatoa fotokopi mfukoni. "Dada, nimepima mwenyewe kwa rula. Mama huyu wa kanga ni mita moja na sitini, sivyo? Rafu ni nusu yake kamili." Na kweli, kwenye karatasi ilikuwa nusu yake kamili. Mama alikuwa mita 6 kutoka kwenye jicho langu, rafu mita 9; kitu cha mita 1.2 kilicho umbali wa mita 9 huonekana nusu ya kitu cha mita 1.6 kilicho umbali wa mita 6. Hesabu ya fundi haikuwa na kosa. Alichopewa ndicho hakikuwa cha kupimwa kwa rula.

Jambo la pili alilileta mwenyekiti. Alikuja na mchoro wenyewe, ameuweka kwenye plastiki usichafuke. Akasimama mbele ya banda, akauinua, akatazama karatasi, akatazama banda. Akarudi nyuma hatua moja. Akatazama tena. Hatua nyingine. Njia ya wageni ilikuwa na upana wa mita 3, nayo ikaisha, naye akaendelea kurudi nyuma, macho yote kwenye karatasi, mpaka akagonga meza ya banda la upande wa pili na chupa za asali zikalia. "Karibu asali, mzee wangu," alisema kijana wa pale huku akizishika zisianguke. Mwenyekiti hakumsikia. Alikuwa bado hajafika. Akaizunguka meza, akaingia ndani ya banda la asali, akasimama kule nyuma kabisa kati ya madumu, mita 6 kutoka kwetu, akainua karatasi yake.

"Binti!" aliniita kutoka kule. "Ulichora ukiwa umesimama wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechora nikiwa ndani ya banda la mtu mwingine.

Jambo la tatu lilikuwa upepo. Hema lilikuwa wazi upande wa kusini, na ilipofika saa kumi kusi likaingia chini ya turubai, singa zote zikasimama upande mmoja kama nywele za mtu aliye kwenye bodaboda. Vifungu viligongana, vikasokotana. Kimoja kilinasa pini ya mtandio wa msichana aliyekuwa anapita, ikatuchukua muda kumnasua. Mchoro hauna upepo. Tena nilikuwa nimekaa Tanga miaka yote hiyo.

Jioni akapita afisa wa usalama wa moto. Akatazama taa mbili za spoti za kizamani, zile zinazochemka, akatazama singa zilizozikaribia, akasema vile vilivyo karibu vishushwe. Alikuwa sahihi, singa kavu inashika moto kama karatasi. Taa nyingine usiku ule tungezipata wapi? Tukashusha vifungu vitano. Vikabaki 57.

Mwenyekiti aliyachukulia vizuri mambo yote ya awali. Hili ndilo lililomuudhi. "Hamsini na saba," alisema. "Hiyo ni historia ya nani?"

Tulichoamua usiku ule

Wazo la fundi lilikuwa tuinue rafu, tufunge singa, tulale. Lingetosha kwa sehemu. Lakini swali la mzee lilikuwa limenikaa kooni. Nikachukua ubao wa boksi, nikatembea njiani kuelekea langoni, hatua kumi na kitu, nikageuka na kusimama mahali ambapo mgeni kweli angekuwa. Nikachora nilichokiona. Robo saa tu, penseli ya seremala.

Nilichokiona hakikuwa kile nilichokiuza. Kutoka njiani banda linaonekana kwa ubavu, jembamba kama kitabu kilichofungwa nusu. Kinachokuja kwanza ni nguzo ya kona ya upande wa lango, halafu ncha ya rafu, na singa zinajificha nyuma ya bango la jirani. Ukifika mbele ya banda umeshalikaribia mno: katikati ya njia uko mita moja na nusu, na banda zima limeenea pembe ya nyuzi 127 hivi, mpaka ugeuze shingo kushoto na kulia. Vifungu 62 kwa mtazamo mmoja, ule uliomfanya mzee aseme tumefika, havikuwa na mahali pa kuonekania isipokuwa kwenye asali.

Nikamwonyesha fundi na mwenyekiti kichoro cha boksi. Hakuna aliyehitaji maelezo. Tukaamua uso wa banda usiwe ule upande wa mita 6, uwe kona ya lango. Tuling'oa fito za juu tukazipanga upya kwa mshazari, zikianzia kwenye ile nguzo na kuingia ndani, ili anayekuja azione singa zikifunguka safu baada ya safu kadiri anavyokaribia. Chini tulifunga vifungu kwa kamba nyembamba kwenye ubao uliolala karibu na sakafu, upepo uvitikise bila kuvibeba. Rafu ikapewa miguu ya sentimita 40 kutokana na mbao za mabaki. Mizani haikuguswa. Kumbe ilikuwa karibu na kona ile ile tangu mwanzo, mahali alipoiweka yule mzee kwa msitari wake uliopinda.

Na vile vitano? Yule mama wa kamati aliyesema juu ya nazi alivitia kwenye kikapu akakiweka mezani, mbele kabisa. "Hesabu yenu imetimia," alimwambia mwenyekiti. "Hivi ni vya kushika."

Matokeo

Hatukuwahi. Mgeni rasmi alipita saa nne asubuhi fundi akiwa bado anafagia vumbi la mbao. Hakusimama. Kwa umoja mdogo kama ule, picha na mgeni rasmi ina thamani kubwa, na waliikosa kwa sababu yangu.

Kuanzia mchana mambo yakabadilika. Kikapu cha vifungu vitano ndicho kilichosimamisha watu. Wengi wa wakazi wa mjini wameyaona mashamba ya mkonge kupitia dirisha la basi maisha yao yote bila kuwahi kushika singa. Walizivuta, wakazinusa, wakajaribu kuzikata kwa mikono na kushindwa, halafu wakauliza bei ya kamba. Siku ya tatu vifungu vile vilikuwa vimechakaa na vikabadilishwa. Kitu kilichofanya kazi kuliko vyote hakikuwemo kwenye mchoro.

Mteja alikata 100,000 kwenye ujira wangu. Nilikubali. Fundi alilipwa walichopatana, lakini usiku ule mzima haukuwa na wa kuulipa. Nikampa 60,000 kutoka kwenye zangu. Alizipokea bila kuzihesabu, na sijui hadi leo kama lilikuwa jambo la adabu au la hasira.

Uchambuzi

Nianze na lililofaa, kwa kuwa ni fupi. Penseli ilifaa. Vichoro 12 vya mkekani vilivuna maarifa ambayo picha iliyokamilika ingeyafunga mdomo, na mizani ni ushahidi. Kichoro cha boksi nacho kilifaa kuliko A2 yangu iliyokula siku nne, kwa sababu kilichorwa na mtu aliyesimama mahali panaposimamika.

Sasa kosa. Ningeweza kusema nilitia chumvi, lakini haingekuwa kweli kabisa. Mistari yangu ilikuwa sahihi, nukta za kutokomea, pale mistari inapokutana kwa mbali, ziko mahali pake, hakuna ukuta uliovutwa. Uongo ulikuwa mahali pa jicho. Mwanzoni mwa karne ya 15, Filippo Brunelleschi alichora jengo la ubatizo la Florence lionekanavyo kutoka mlangoni mwa kanisa kuu, kisha akatoboa tundu kwenye ubao wa picha. Mtazamaji alichungulia kutoka nyuma ya ubao na kuiona picha ikirudi kwenye kioo. Tundu lile lilimlazimisha atazame kutoka sehemu moja tu, na kutoka hapo picha iliafikiana na jengo. Sisi tumerithi hesabu ile, tundu tukalisahau. Mgeni wa maonesho hana tundu. Anatembea, ameshika mtoto, anatafuta maji ya kunywa, na njia ina mita 3.

Kuna mchoro mwingine ambao watu wa fani yangu hupenda kuutolea mfano. Wikiendi moja ya Septemba 1953, Herb Ryman alimchorea Walt Disney bustani nzima ya burudani ambayo haikuwepo, ikitazamwa kutoka angani, na Roy, kaka yake Walt, akaupeleka New York kutafutia fedha. Bustani ikaja kujengwa. Husimuliwa kama ushahidi wa nguvu ya mkono, na ni kweli. Lakini tazama lilipokuwa jicho: angani. Hakuna mfadhili aliyetarajia kuruka juu ya bustani kama ndege, kwa hiyo picha ile haikumwahidi mtu yeyote kwamba atayaona yale kwa macho yake. Mimi nilichora kwa kimo cha binadamu. Picha ya kimo cha binadamu inasema: wewe ukisimama, utaona hivi. Mwenyekiti aliiamini, akaenda kupatafuta hapo mahali kwa miguu yake, kinyumenyume.

Kwa maoni yangu, kama huna uhakika banda la mteja wako litaonwa kutoka wapi, mchoree kutoka juu. Picha haitavutia sana. Ila hatakugeukia siku ya kujenga.

Kuhusu rafu, wachoraji wenzangu nikiwasimulia huwacheka mafundi wanaopima picha kwa rula. Siwaungi mkono. Fundi aliyepewa karatasi moja atapima karatasi hiyo. Ndiyo kazi yake. Na mchoro wangu ulikuwa na jibu sahihi ndani yake kama angeonyeshwa pa kutazama: ukipima kutoka chini ya rafu mpaka mstari wa upeo palepale rafu ilipo, hiyo ni mita 1.6, na rafu inafika robo tatu yake, yaani 1.2. Maelezo ya dakika mbili. Siku hizi mstari wa upeo nauchora kwa wino mwekundu kwenye nakala ya fundi na kuuandikia kimo chake, ingawa vipimo vyenyewe viko kwenye ramani.

Ramani ni suala la fedha na sina suluhisho safi. Wateja wa mabanda madogo huona wanalipa mara mbili kwa kitu kimoja. Nimeacha kuitaja kama nyongeza. Bei yangu ni moja, ramani imo, na sura ya juu ina alama ya nyayo mbili pale jicho liliposimama. Nimepoteza kazi kadhaa kwa sababu ya bei hiyo. Watu ninaowachora nao wamebadilika: wana mifuko, wana watoto, wengine wanene kama mimi. Picha huonekana imebanana, na wateja hunung'unika kidogo.

Safari ya Korogwe sijaizungumzia, na kamati haikuiuliza. Baada ya maonesho fundi alinirudishia fotokopi yake, ina vumbi la mbao kwenye mikunjo na alama za penseli ya seremala kila mahali. Kando ya rafu ameandika "80?" Chini yake ameandika namba yangu ya simu na kuipigia mstari mara mbili. Nilikwenda kwenye kumbukumbu za simu nikazikuta: simu mbili ambazo sikuzipokea, saa tatu usiku, nikiwa juu ya ngazi nafunga vitambaa vya harusi.